Nani azimwe kwanza

Kwenye mlango wa chumba cha seva pale chuoni nimebandika karatasi moja, nikaivalisha plastiki ili vumbi jekundu la hapa lisiimalize. Ina majina ya mitambo yetu yote, kuanzia ule utakaozimwa kwanza umeme ukikatika hadi ule utakaokuwa wa mwisho. Wanaopita bila kuisoma wananisalimia vizuri. Wanaoisoma wanaingia ndani kuniuliza ni nani aliyenipa ruhusa.

Mimi ndiye ninayetunza mitambo ya kompyuta katika chuo kikuu kimoja hapa Lubumbashi. Wanafunzi wananiita Mama Wifi, na jina nimelikubali, maana kuwaeleza kilichoko nyuma ya wifi kungekula muhula mzima. Nyuma yake kuna makabati mawili ya seva, swichi zilizotawanyika kwenye majengo, ruta, barua pepe, jukwaa la masomo la Moodle, katalogi ya maktaba, na mfumo wa pointi za mitihani ambao tangu mageuzi ya LMD, yaani Licence-Master-Doctorat, yaingie mwaka wa masomo 2021-2022 haujatulia hata kidogo: leo masomo yanahesabiwa kwa krediti, kesho kuna profesa bado anataka wastani wa zamani. Ila ukiniuliza kutwa nafanya nini, nitakujibu kwamba nagawa umeme. Linux, mfumo unaoendesha seva, haijawahi kuninyima usingizi. Betri zimeninyima.

Wageni hushangaa. Mji wa shaba, wanasema, utakosaje umeme? Umeme upo. Bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, linazalisha tangu 1930. Ikafuata Koni, kisha Nzilo na Nseke kwenye Lualaba. Tangu 1982 kuna na ile laini kubwa ya kutoka mabwawa ya Inga, kule magharibi, hadi Kolwezi, kilomita kama 1,700 za nyaya, inapita juu ya vijiji visivyojua balbu ni nini. Vyote hivyo vilijengwa migodi ikiwa mbele, sisi wakazi tukipata kinachobaki. Sasa migodi imeongezeka, mji umetambaa hadi kule ambako zamani tulikwenda kuokota uyoga, na mwisho wa kiangazi maji ya mito yanapungua. Kwa hiyo tunakatiwa kwa zamu. Kuna ratiba, lakini aliyeipanga ndiye peke yake anayeielewa.

Hesabu yenyewe ndiyo hii. Chumba chetu kina inveta, kile chombo kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani, ya wati 2,000 na betri nne za asidi, kila moja volti 12 na ampea-saa 200, zimeungwa mfululizo kutoa volti 48. Kwenye karatasi hizo ni wati-saa 9,600, na muuzaji wa mjini atakuapia kwamba utazipata zote. Huzipati. Betri ya asidi ukiikamua hadi tone la mwisho unaiua, kwa hiyo mwenye akili anatumia nusu: 4,800. Toa na kinachopotea ndani ya inveta. Mitambo yote ikiwaka inakula kama wati 1,200. Hapo unazo saa zisizofika nne, na umeme ukikatika asubuhi unaweza kurudi wakati watu wamekwisha kula bukari, ugali wetu, ya jioni. Lakini ukilaza vitu mapema, mzigo ukashuka hadi wati 300, betri zilezile zinakuvusha zaidi ya saa kumi.

Jenereta ipo, tena nzuri. Mazutu yake, yaani dizeli, yanahitaji sahihi za wakubwa watatu ambao hawajawahi kuwa mjini siku moja.

Kwa hiyo orodha. Hapo juu, wa kwanza kuzimwa, ni chumba cha kompyuta za wanafunzi. Wanapiga kelele, lakini siku hizi karibu kila mmoja ana simu mkononi. Printa zinafuata, na hakuna aliyezitetea isipokuwa sekretari mmoja ambaye bosi wake husoma barua pepe zake kwenye karatasi. Kisha seva ya majaribio, ambayo ni yangu mwenyewe, nikaiweka juu makusudi ili nisiambiwe najipendelea.

Halafu maktaba. Hapo nilikutana na mzee wa maktaba, aliyekuwako tangu mimi nikiwa mwanafunzi. Alikuja na kiti chake, akaketi mlangoni pangu, akavua miwani.

“Mwanangu, umeona maktaba ni kitu cha kuzima pamoja na printa?”

Nikamwambia, Papa, wewe ndiye mtu wa pekee hapa chuoni mwenye njia ya pili. Barua pepe ikizimwa hakuna barua. Pointi zikizimwa hakuna pointi. Lakini wewe zile droo zako za kadi hukuzitupa hata tulipoleta Koha, ile programu ya katalogi, na watu wakakucheka. Mwanafunzi atakuja gizani, utavuta droo, kitabu kitapatikana. Akafikiri. Akasema ni kweli, isipokuwa droo za M hadi P zimeliwa na mchwa. Mtu anayeyajua mavichuguu ya Katanga, yale makubwa kushinda nyumba, hawezi kubishana na jambo kama hilo. Tukaenda kuziangalia pamoja, na kweli, ukivuta droo ya P inatoka unga.

Alichotaka hasa kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Hakujali watu kutafuta vitabu. Alitaka kujua nani ameazima nini, kwa sababu umeme ukikatika ndipo wajanja hurudisha kitabu kimoja na kudai wamerudisha vitatu. Basi sasa kila usiku Koha inatoa faili moja ya walioazima, inakwenda kwenye laptopu yake ya zamani, na laptopu ina betri yake. Tangu hapo hakuna anayeitetea orodha yangu kwenye vikao kama yeye.

Chini ya maktaba kuna Moodle, kisha barua pepe. Mwisho kabisa ni hifadhidata ya pointi, pamoja na seva inayotambua majina na maneno ya siri ya watu, na swichi kuu. Pointi ziko mwisho kwa sababu mbili. Moja inaeleweka na kila mtu: wakati wa kutangaza matokeo, mlango wa aparitori, ofisi inayoshughulikia wanafunzi, ukifungwa kwa kisa cha “seva imelala,” mimi ndiye nitakayetafutwa, si kampuni ya umeme. Ya pili ni ya kiufundi. Hifadhidata hupenda kukaa na kazi kichwani kabla ya kuiandika kwenye diski. Ukiikatia umeme ghafla, ikiamka lazima isome daftari lake la matukio, iangalie kipi kilikamilika na kipi kiliishia njiani. Mara nyingi inajiponya yenyewe. Hiyo “mara nyingi” ndiyo inayonifanya niipe dakika zake za kufunga vitabu taratibu.

Kazi ya kulaza sifanyi kwa mkono. Kuna seva moja ndogo, haili hata wati 10, imeungwa na kipimo cha volti kwenye betri. Volti zikishuka, inaliamuru kundi la kwanza lizime, zikishuka tena kundi la pili, hivyo hivyo hadi 48.4, yaani volti 12.1 kwa kila betri, ambayo ni karibu nusu ya uwezo. Hapo hata pointi zinaambiwa usiku mwema. Inanitumia na ujumbe kwenye simu kila kundi linapoondoka, na wanangu wamejua milio yake: mlio mmoja, Mama anaendelea kula, wa tatu, Mama anatafuta viatu.

Watu hudhani umeme ukirudi shida imekwisha. Mimi naogopa kurudi kwake kuliko kwenda. Unarudi na volti za juu, unazima, unarudi tena, mtaa mzima ukiwasha pasi na friji kwa pamoja. Basi nasubiri kwanza utulie, ndipo naanza kuamsha, na kuamsha nako kuna foleni yake: swichi, ruta, kisha seva inayotoa majina ya mtandao na saa sahihi, kisha makabati ya diski, kisha utambulisho wa watu, kisha hifadhidata, na tovuti mwisho. Ukiamsha tovuti kabla ya hifadhidata, inaamka, haimkuti mwenzake, inaandika makosa elfu kwenye kumbukumbu zake na kukaa hapo ikinuna hata mwenzake alipokwisha fika.

Ngoja niseme neno juu ya saa, kwa sababu vijana wanaokuja kujifunza kazi kwangu hawaamini mpaka waone. Ndani ya kila seva kuna kibetri bapa kama sarafu, CR2032, kinachoshika saa wakati hakuna umeme. Kikichoka, seva inaamka ikidhani iko mwaka mwingine kabisa. Na seva isiyojua leo ni lini haiaminiwi na wenzake: mfumo wa utambulisho kwa kawaida unavumilia tofauti ya dakika 5 tu, ikizidi hapo anakataliwa hata Rekta mwenye neno la siri sahihi. Juzi kijana wa mafunzo alihangaika na seva moja tangu asubuhi, amebadilisha kebo, amebadilisha mlango wa swichi, anasema kadi ya mtandao imekufa. Nikamwambia aiulize tarehe. Ilisema 2009. Tukaifungua, nikamwonyesha kile kibetri chini ya mkanda wa nyaya, kimefunikwa na vumbi kiasi kwamba kilikuwa na rangi ya tofali. Ukikibonyeza ubavuni kinaruka chenyewe, mara nyingi kwenda chini ya kabati. Kipya hakifiki bei ya kuku. Alikaa akikitazama kama mtu aliyetukanwa.

Na hapo sijagusa suala la nchi yetu kuwa na saa mbili. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Huduma nyingi tunazokodi zimewekwa na mtu aliyeko Kinshasa, au aliyeko Ulaya anayejua Kinshasa tu. Profesa mmoja aliweka mwisho wa kupokea kazi saa 18:00, mlango ukafungwa saa 19:00 ya hapa, akadai wanafunzi wamenihonga. Nikamfungulia orodha ya kanda za saa, nikamwonyesha kwamba Africa/Lubumbashi imeandikwa peke yake, na Africa/Kinshasa peke yake. Alifurahi sana kuliona jina la mji wetu humo. Kuhusu hongo hakusema tena.

Kuna vitu vinazimika bila kuniuliza. Intaneti yetu inaingia kwa nyaya za fibra kutoka upande wa Zambia, kupitia Kasumbalesa pale mpakani, na barabara ile haikai bila mtu kuichimba. Mji wa shaba una wezi wa shaba, na mwizi wa shaba akiona kebo nene ardhini hasomi maandishi juu yake. Anaikata, anakuta vioo vyembamba kama nywele, anaitupa palepale. Nimekiona kipande kimoja kando ya mtaro, kimekatwa safi, kimechunwa ganda kiasi cha kiganja ili kuhakikisha. Hakuna aliyefaidika, na nusu ya mji haina mtandao hadi mafundi waje kuunga unywele kwa unywele. Wakati mwingine hata mwizi hahusiki: Agosti 2023 udongo uliporomoka chini ya bahari, kwenye korongo la mto Congo, ukakata kebo mbili za intaneti, WACS na SAT-3. Jaribu kumweleza hilo mwanafunzi wa uzamivu anayetaka kupakia tasnifu yake leo.

Ila ugomvi ulionichosha kuliko yote ulitoka mahali pasipo na kompyuta. Kijana wa maabara alikuja, kwa adabu sana, akiniita dada mkubwa: “Yaya, naomba waya moja tu kutoka kwenye inveta yako.” Ana friza ya kuhifadhia dawa za vipimo, zinazotakiwa kukaa nyuzi 20 chini ya sifuri, zilizosafiri mbali na kulipiwa forodha. Kwenye kibandiko cha nyuma imeandikwa wati 150. “Seva zako zinakula 1,200, Yaya. Mia na hamsini si kitu.”

Hapo ndipo watu wengi hupotea. Wati 150 ni za friza inayotembea. Kompresa inapoanza, kwa muda mfupi kabisa inavuta mara kadhaa ya hapo. Sikutaka aone namnyima kwa roho mbaya, basi tukakubaliana aje Jumamosi chuo kikiwa kitupu. Tukavuta waya, nikakamata uzi mmoja kwa koleo la kupimia ampea. Friza ilikuwa kimya, kipimo kikaonyesha karibu sifuri. Tukasubiri. Kijana akaanza kutabasamu. Mara ikasikika tik, inveta ikabadilisha sauti kutoka kunguruma kwenda kulia, taa ya chumba ikanywea, na namba ikaruka karibu ampea 5 kabla ya kushuka chini ya 1. Ampea 5 kwa volti 220 ni zaidi ya wati 1,000. Ziongeze juu ya 1,200 za seva, inveta ya 2,000 haina tena la kusema, na kweli ilipiga king’ora. Seva zilibaki hai kwa sababu ilikuwa mara moja tu, lakini friza ile huwaka na kuzima kutwa nzima.

“Sasa dawa zangu?” akauliza. Swali la haki. Nani kasema barua pepe ya mtu inayosema “nimepokea, asante” ni bora kuliko dawa za kupima damu? Orodha iliandikwa na mtu wa kompyuta, na mtu wa kompyuta aliorodhesha kompyuta. Hilo sikuwa na jibu lake pale, nikamwambia anipe siku mbili niende nyumbani.

Nyumbani kwetu Katuba kuna friza pia, na mwenyewe ni mama mkwe. Anauza tomsoni. Asubuhi wanawake wa mtaa wanakuja na mabeseni, anawahesabia samaki waliogandamana, anavunja kwa nyuma ya kisu, biashara inakwenda. Baba watoto anafanya kazi mgodini Kolwezi, anakuja kwa zamu yake, kwa hiyo nyumba tunaiendesha sisi wawili, mimi na mama yake, na tunaheshimiana kwa umbali wa kutosha. Nilipoleta betri mbili na inveta ndogo nyumbani, jambo la kwanza alilosema ni kwamba sasa samaki wake wamepona. Nikamweleza habari ya kompresa. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akawageukia watoto.

“Mama yenu iko na betri kule kazini, hapa iko na betri, lakini samaki yangu njo itaoza.”

Tulichofanya ni kujaza friza. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa inaweza kushika baridi karibu siku mbili. Iliyojaa nusu, kama siku moja tu. Sehemu inayobaki tupu samaki wakipungua tunaijaza chupa za maji zilizogandishwa, umeme ukiwepo zinagandishwa tena. Sheria ni moja: umeme ukikatika, mfuniko haufunguliwi kwa kuangalia kama bado kuna baridi. Huyo anayetaka kuangalia ndiye anayeitoa. Samaki wa kuuza kesho wanatolewa mara moja, wanaingia kwenye kisanduku cha povu na chupa mbili. Kwa hiyo betri haziigusi friza kabisa. Zinawasha taa, simu, na modemu.

Niliporudi na habari hiyo maabara, kijana alicheka. Barafu ya kawaida inayeyuka kwenye sifuri, akasema, na yeye anataka 20 chini. Lakini akasimama palepale na kidole hewani, akaniambia: chumvi. Maji yaliyokolea chumvi huganda chini sana, yanaweza kukaribia nyuzi 21 chini ya sifuri, na yakiganda yanashika baridi pale ambapo barafu tupu imekwisha kukata tamaa. Hilo lilikuwa lake kabisa, mimi nilileta chupa tu. Sasa friza yake imepangwa chupa za maji ya chumvi kwenye kuta zote, kipimajoto kinasomwa na seva yangu ndogo ileile, na makundi mawili ya kwanza yakishalala, mzigo wa seva ukiwa umepungua, friza inaruhusiwa kuwaka kwenye inveta kwa vipindi. Haina mwenzake wa kugombana naye wakati huo. Imeingia kwenye orodha kwa kalamu, kati ya Moodle na barua pepe. Mkuu mmoja ameiona na kuuliza tangu lini friza ni kompyuta. Mzee wa maktaba ndiye aliyemjibu.

Chumvi nayo ilirudi nyumbani. Mama mkwe alikuwa wa kwanza kuipinga, kisha akaona tomsoni zinatoka ngumu kama jiwe hata baada ya giza refu, akaanza kuwaambia majirani ni siri ya ukoo wao wa Kasenga.

Kwa upande wa watoto, orodha ya nyumbani haijapata mtetezi kama mzee wa maktaba. Televisheni ndiyo ya kwanza kuzimwa, daima. Pasi haimo kabisa. Sare za shule zinapigwa pasi ya makala, yaani ya mkaa, na bukari inapikwa kwenye mbabula, jiko la mkaa, umeme uwepo usiwepo, kwa hiyo jikoni hakuna anayesikia tofauti. Modemu ni ya mwisho. Binti yangu mkubwa, ambaye ana macho kama ya mkaguzi wa hesabu, aliniuliza kwa nini kitu ninachokitumia mimi ndicho hakizimwi. Nikamwambia ni kwa ajili ya kazi. Akasema televisheni pia ni kazi, ya wale walioko ndani yake. Nikamwongezea mpira wa Jumapili.

Majirani nao wanajua kwamba dirisha letu lina taa. Simu zinakuja jioni, kila moja na waya wake na kikaratasi cha jina, na pamoja nazo laptopu ya mtoto wa fulani, “angalia tu kidogo.” Kidogo hicho huwa ni skrini iliyopasuka. Mimi si fundi wa skrini, lakini nenda kawaeleze.

Wauzaji wa mjini sasa wanasukuma betri za lithiamu, zile za fosfeti ya chuma. Zina uzuri wake: unaweza kutumia sehemu kubwa ya uwezo badala ya nusu, na hazifi haraka hivyo. Hizi za asidi, joto linazimaliza. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 zinakata nusu ya umri wake, na Oktoba ya Lubumbashi haina huruma na chumba kisicho na kipoza hewa. Nimeandika ombi. Baba watoto alicheka kwenye simu. Congo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, yeye mwenyewe anarudi nyumbani na vumbi lake kwenye viatu, na betri ninazoziomba zitatoka China, zitapita Kasumbalesa, na ndani yake hamna hata chembe ya kobalti. “Waambie waweke kidogo, kwa heshima,” akasema.

Ombi liko kwenye meza ya sahihi ya pili. Likikubaliwa, orodha itabidi iandikwe upya, na tayari watu wameanza kuniletea soda. Sekretari wa zile printa amekuja mara kadhaa. Profesa wa saa ametuma salamu. Na jana usiku mama mkwe, ambaye habari za betri kubwa zinazokuja kazini kwangu amezipata kwa wajukuu, alisubiri nimalize kula, akanisogezea maji ya kunawa kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaniuliza kama kule chuoni, kwenye hiyo friza ya kijana wa maabara, hakuna nafasi ya katoni mbili tu za tomsoni.